Zima na Nzima

Katika gereji yetu, neno la kwanza alilofundishwa mtu mpya halikuwa jina la spana. Lilikuwa "zima". Anayetaka kuingiza mkono kwenye mashine hupaza sauti, "Zima!" Aliyekaa kwenye ufunguo huzima injini, kisha hulirudisha neno lilelile, "Zima!" Hapo ndipo mkono huingia. Shemeji yangu aliukuta utaratibu huo kwa babake, na babake aliukuta kwa fundi wa Kihindi aliyemfundisha kazi. Sikuwahi kumsikia mtu akiuhoji. Ulifaa kwa sababu haukuwa peke yake. Neno likikosewa, sikio lilisahihisha. Injini ya tuktuk inayofanya kazi inanguruma, na ikinyamaza, imezima. Hata aliyefumba macho hakuweza kukosea.

Gereji iko kwenye kichochoro kinachotoka Makadara kuingia Mji wa Kale, na jengo ni la zamani, lina kuta nene na mlango wa mbao ambao hufungwa kwa kufuli kubwa. Tunaifanya kazi watu wawili. Shemeji, kakake mke wangu, ndiye mkubwa. Yeye ni fundi wa injini. Mimi ni fundi wa waya, na waya nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vilivyokwisha kutumika vinavyouzwa chini kwenye barabara, na baadaye kwa simu. Jirani yetu wa kushoto hutengeneza madirisha ya chuma. Mashine yake ya kusagia hulia mchana kutwa, kwa hiyo sisi sote tumezoea kusema kwa sauti ya juu, hata nyumbani, jambo ambalo mke wangu hulilalamikia.

Shemeji hufanya kazi kwa sikio na kwa vidole. Akiletewa tuktuk inayokohoa, haulizi kitu. Huchukua bisibisi ndefu, akaikita ncha kwenye injini na mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Baada ya muda husema, "Vali," au "Beringi ya nyuma," na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Nafasi ya vali, ambayo mimi huipima kwa vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa namba, yeye huipima kwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Huitikisa vali kidogo, akasikia inavyocheza, akafunga nati. Nilikuwa nikipita nyuma yake kuhakikisha kwa vipande vyangu, naye alijua, na hakuna aliyelitaja.

Kisha injini zikaanza kupungua. Kwanza zilikuwa pikipiki za umeme, zinakupita Makadara bila sauti na kukushtua. Baadaye nikaona tuktuk moja, kisha nyingine. Kampuni moja kutoka bara ilikuwa imeanza kuunda vifaa vya kubadilishia: mota, betri, na kisanduku kinachoamua mota ipate umeme kiasi gani. Bodi ya tuktuk inabaki ileile, viti vilevile, hata mapambo yaleyale. Injini tu ndiyo inayotoka. Kampuni ilikuwa ikitafuta gereji za pwani za kuifanya kazi hiyo, na nikawaandikia.

Walikubali, kwa sharti moja. Fundi mmoja hatoshi. Kila gereji iwe na mafundi wawili, na wote wawili watazamwe na mkaguzi wakiifanya kazi kwa mikono yao. Mmoja akishindwa, gereji itafute mwingine wa kuchukua nafasi yake. Mimi sikuwa na wasiwasi na waya. Lakini shemeji yangu alikuwa hajawahi kushika mita ya kupimia umeme maishani, na gereji ile aliiachiwa na babake. Akishindwa, ingebidi nilete mtu mwingine asimame mahali pake, naye akae barazani akitutazama. Alilijua hilo kabla sijalisema.

"Hii uliyoniletea," aliniambia siku vifaa vilipofika, "si chombo. Ni tochi iliyotiwa magurudumu."

"Tochi hii itabeba magunia ya viazi kutoka Marikiti."

"Na ikizimika njiani, wataitia mawe ya tochi?"

Alicheka peke yake. Kisha akachutama mbele ya boksi la mota, akaigeuza huku na huku, akitafuta mahali pa kukita bisibisi.

Tuktuk ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja anayekaa Tudor, mtu wa upande wa Kaloleni. Alfajiri hubeba wachuuzi wa mboga kutoka Marikiti, kisha watoto wa shule, kisha yeyote. Injini yake ilikuwa imekufa kabisa, na alikubali chombo chake kiwe cha majaribio. Ana ulimi, mama yule, na tangu siku ya kwanza alimchagua shemeji awe mtu wake wa kuchokoza. Tulipoitoa injini na kuiweka sakafuni, shemeji alisimama akaitazama kwa muda.

"Mzee, mbona waitazama kama maiti?"

"Kwani si maiti?"

"Basi msitiri tuendelee na kazi. Mimi alinitesa akiwa hai, sina machozi."

Kazi ya kufunga ilikwenda polepole. Mimi nilipitisha waya, yeye alifunga mota. Chuma anakijua kuliko mimi, na mota ilikaa mahali pake bila mtetemeko hata mdogo. Tabu ilianza tulipofika kwenye umeme wenyewe.

Siku tuliyoiwasha mara ya kwanza, alizungusha ufunguo akangoja. Akangoja tena.

"Haijawaka," akasema.

"Imewaka."

"Imewaka nini? Mbona sisikii?"

"Tazama taa za kwenye kioo."

"Taa si injini."

Akachukua bisibisi yake, akaikita kwenye mota, akafumba macho. Niliuona uso wake ukingoja, kisha ukiacha kungoja. Aliifuta bisibisi kwa kitambaa, akairudisha mahali pake.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchunga mikono yake. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi katika wiki zile: macho yangu hayakuwa kwenye waya, yalikuwa kwenye mikono ya shemeji. Betri ile si kama betri ya gari. Haina sauti wala harufu, nayo ikiunganishwa vibaya hata kwa spana iliyoanguka, inayeyusha spana. Mota nayo ina tabia ambayo injini haina. Injini ikiwa imewashwa inakuambia niko hapa. Mota inakaa kimya mpaka aliyeketi mbele azungushe mkono wa usukani, ule tuliouita "mafuta" na bado tunauita hivyo ingawa mafuta hakuna. Akiuzungusha kidogo tu, magurudumu yanapata nguvu yote papo hapo.

Kwa sababu hiyo kampuni ilikuwa imeweka kipande cha kung'oa. Ni kipande cha plastiki chenye shaba ndani, kinajaa kiganjani, kinachochomekwa karibu na betri. Kikiwepo, umeme unavuka kwenda kwenye mota. Kikitoka, hauvuki, hata ufunguo ukiwa umefunguliwa. Jina lake la kampuni lilikuwa refu, tukakiita daraja. Nilimfundisha shemeji mpango: kwanza ufunguo, halafu daraja, halafu mita, halafu ndiyo mkono.

"Hii si kazi," alisema. "Huu ni udhu."

"Naam. Na ukiruka kiungo, udhu hausihi."

Alinitazama kujua kama nafanya mzaha. Sikuwa nafanya mzaha. Akalirudia, ufunguo, daraja, mita, mkono, na kwa siku kadhaa akaushika mpango vizuri kila nilipokuwa karibu. Nilipokuwa mbali kidogo, nilimwona mara moja akiruka daraja, kwa kazi ndogo, ya kukaza nati moja. Nilimwambia. Akasema, "Nati moja, bwana." Nikamwambia tena.

Ilikuwa siku ya kuamkia ukaguzi. Tuktuk ilikuwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yameinuliwa kutoka chini, la kushoto tumelitoa ili tuone jinsi ekseli inavyozunguka. Mama mwenyewe alikuwa ameketi mbele, kwa sababu mkono wa mwenye chombo ndio utakaokitumia na nilitaka azoee. Mimi nilikuwa upande wa kulia nimeinama juu ya mita. Shemeji alikuwa upande wa kushoto, nyuma, amechutama karibu na ekseli. Jirani alikuwa amepata kazi ya geti zima, na mashine yake ililia tangu asubuhi.

Asubuhi ile nilikuwa na jambo moja nililolifuata: kioo kilikuwa kikionyesha betri vizuri, kisha alama inapotea, kisha inarudi. Kwa hiyo kila baada ya muda nilimwuliza mama kwa sauti, "Nzima?" maana yake, betri bado inaonekana nzima? Naye hutazama kioo, akajibu, "Nzima!" Kisha nilikuwa nikimwambia azungushe mafuta kidogo, ekseli inazunguka, mimi nasoma mita. Tulifanya hivyo mara nyingi. Mwisho hakuwa akingoja nimwambie. Alikuwa akijibu "Nzima!" na kuzungusha, kwa sababu ndivyo kazi ilivyokuwa ikienda, na mimi sikuona ubaya.

Shemeji akaona grisi imemwagika kwenye kiungo cha ekseli. Nati moja, doa moja la grisi. Akachukua kitambaa.

Nilimsikia akisema, "Zima!"

Ninasema nilimsikia, lakini ukweli ni kwamba nilisikia sauti yake na sikuielekeza akili. Neno hilo nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote ya kazi. Nikamsikia na mama akijibu. Kisha mita yangu ikaruka, na kwa nusu ya pumzi nikafurahi, kwa sababu namba ilikuwa nzuri.

Hakupiga ukelele. Alisema "Eh," kama mtu aliyeguswa begani. Nilipoinua kichwa nilimwona amesogea mbele, bega limeegemea bodi ya tuktuk, na mkono wa kulia hauonekani. Kitambaa kilikuwa kimezungushwa kwenye kiungo cha ekseli, na vidole vyake vilikuwa ndani ya kitambaa.

Mama alikuwa tayari ameuachia mkono wa mafuta. Ekseli ilikuwa imesimama. Kila kitu kilikuwa kimya isipokuwa mashine ya jirani.

"Usiguse!" nikamwambia mama. "Usiguse chochote, usishuke!"

Alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, kama aliyekamatwa, na akabaki hivyo.

Nilizunguka kwenda kwa shemeji. Jasho lilimtoka usoni, midomo imekauka. Niliona jinsi kitambaa kilivyojifunga: ili kuufungua mkono, ilinibidi niizungushe ekseli kinyume kwa mikono yangu, polepole, huku vidole vyake vimo. Nikaishika.

"Ngoja," akasema. "Zima?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nilikuwa nimeambiwa nini mimi? Mama alisema nini? Niliutazama ufunguo kutoka pale nilipokuwa, na sikuweza kuuona umeelekea wapi. Chombo kilikuwa kimya, na kimya chake hakikuniambia kitu. Alikuwa ananiuliza kama aliyeketi mbele anaweza, kwa kuteleza mkono tu, kuichukua mikono yetu minne pamoja. Na neno nililokuwa nalo la kumjibia ni lilelile.

Nilikwenda mbele, nikaingiza mkono chini ya kiti, nikaling'oa daraja. Lilikuwa gumu kutoka na nilijichuna kidole. Nikarudi nalo, nikamwonyesha machoni pake.

"Nipe," akasema.

Akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu. Nikaliweka. Akalifumba kwa nguvu mpaka ngozi ya vifundo ikapauka.

"Haya. Zungusha."

Niliizungusha ekseli kinyume, naye alikuwa amelishika daraja akinitazama usoni, hatazami mkono. Kitambaa kililegea. Kilipotoka chote, kilitoka na ngozi.

Daktari wa zahanati alisema mifupa haijavunjika, lakini kano za vidole viwili zimevutwa vibaya, na huenda visikunje tena sawasawa. Vilikuwa vidole vile viwili. Shemeji alisikiliza kwa adabu, akasema "Alhamdulillahi," akauliza kama anaweza kuutia maji wakati wa udhu. Tuliporudi gerejini ili achukue koti lake, tulimkuta mama bado yuko, ameketi juu ya tairi, macho mekundu. Alipouona mkono uliofungwa bendeji alisimama.

"Mzee, mimi nilikujibu," akasema kabla ya salamu. "Wallahi nilikujibu."

"Ulinijibu. Sikukatai. Mie nilisema zima, nawe ukanijibu zima."

"Sikusema zima!"

"Ulisema nini?"

"Nilisema nzima. Uliniuliza kama nzima, nikatazama kioo, nikakwambia nzima."

"Mie nitakuuliza betri, mwanangu? Betri yanihusu nini mie? Mie nilikwambia uzime!"

"Ungesema 'izime', ningekuelewa!"

"Tangu lini mtu akasema 'izime' hapa?"

Walikuwa wakipaza sauti, na si kwa sababu ya jirani, kwani jirani alikuwa amekwenda kusali. Niliwaacha kidogo. Kisha, jirani aliporudi na mashine ikaanza tena kulia, nikamwomba mama akae kwenye kiti chake cha mbele, daraja likiwa limeng'olewa na liko mfukoni mwangu. Nikaenda kuchutama nyuma, kushoto, palepale. Nikamwambia aseme moja katika mawili, zima au nzima, bila mpango, nami nitakisia. Alisema. Nikakisia. Alisema tena. Baada ya kurudiarudia, nikagundua kuwa sisikii neno. Nilikuwa nasikia mkia wake, na kichwa nakiweka mwenyewe. Ile herufi ya mbele, ambayo ndiyo inayotenganisha kitu kilichokufa na kitu kilicho hai, ilikuwa ikiliwa na mashine ya kusaga chuma.

Shemeji naye akaja akachutama kando yangu, mkono wake ameuegemeza kifuani. Akasikiliza. Yeye mwenye sikio lile.

"Sema tena," alimwambia mama.

Akasema.

"Zima," shemeji akasema.

"Nzima, Mzee."

Akainuka kwa kujikaza, akachukua koti lake kwenye msumari. Mlangoni alisimama. Kulifunga lile kufuli ilikuwa kazi yake kila siku tangu nilipomjua, na siku ile alilitazama tu likining'inia.

"Kesho usiningoje," aliniambia.

"Mkaguzi anakuja kutazama watu wawili."

"Atatazama mmoja. Huyo wa pili tafuta mwenye masikio ya siku hizi."

Asubuhi yake nilifika mapema, nikafagia, nikapanga vifaa. Nilikuwa nimejiuliza kama niipigie kampuni kuwaomba waahirishe. Nisingeweza kuomba bila kusema sababu, na sababu ingemwondoa shemeji bila hata kutazamwa. Kwa hiyo nilingoja. Mama alikuja, akakaa kwenye tairi lake, hana mzaha. Aliniuliza mara moja tu, "Atakuja?" nikasema sijui.

Mkaguzi alifika, kijana wa bara, mstaarabu, Kiswahili chake cha Nairobi amekivalisha shati kwa ajili yetu. Tukasalimiana. Akauliza fundi wa pili yuko wapi. Nilikuwa naanza sentensi ambayo sikujua itaishia wapi, shemeji akaingia. Alikuwa amevaa shati safi la kazi. Akampa mkaguzi salamu zote, za asubuhi, za safari, za nyumbani, za kazi, moja baada ya moja, na mkaguzi akazijibu zote akiutazama mkono wenye bendeji.

"Mzee, umeumia?"

Nilimtazama shemeji. Angeweza kusema mlango wa gari. Angeweza kusema jiko.

"Nimeumia hapa," akasema. "Jana. Kwa hii." Akaielekeza tuktuk kwa kidevu.

Mkaguzi aliweka begi lake chini. Aliuliza ilikuwaje, na shemeji akamweleza yote, neno lake na neno la mama, bila kumtupia mtu lawama. Mama akaanza kujitetea, shemeji akamwambia, "Ngoja, mwanangu, hakuna anayekusema." Mkaguzi alisikiliza. Hakuandika kitu, na hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angeandika.

"Sawa," akasema mwisho. "Nionyesheni kazi. Wote wawili."

Sehemu yangu ilikwenda vizuri, siikumbuki sana. Kisha ikawa zamu ya shemeji. Alitakiwa kukagua ekseli na mota: kutia mkono, kutikisa, kukaza. Mkaguzi mwenyewe akapanda kiti cha mbele, akasema atafanya kazi ya dereva. Aliwasha. Akazungusha mafuta, magurudumu yakazunguka hewani. Akazima ufunguo, kioo kikawa cheusi.

"Imezima, Mzee. Endelea."

Shemeji alikuwa amechutama nyuma, kushoto. Hakuendelea. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea mbele, kiganja juu.

"Imezima," mkaguzi akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, na akauinua ufunguo ili uonekane.

Kiganja kilibaki palepale. Jirani akawasha mashine yake. Mkaguzi alinitazama mimi kama anayeuliza mzee anataka nini, nami nilijua anachokitaka ila sikujua kama naruhusiwa kusema. Niliwaza: atadhani anakataa kazi. Atadhani haelewi.

"Ufunguo ninao hapa, Mzee," mkaguzi akasema.

"Nauona."

"Basi?"

"Sikwambii kuwa wasema uongo," shemeji akamjibu, kwa upole. "Nakwambia nipe daraja."

Mkaguzi alishuka. Aliingiza mkono chini ya kiti, akaling'oa, akatembea nalo mpaka nyuma, akaliweka kwenye kiganja. Mpaka leo sijui kama alikuwa amelisahau au alitaka kuona kama shemeji atalidai. Sikumwuliza, na kwa jinsi alivyonitazama baadaye, sidhani angenijibu.

Shemeji akalitia daraja kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto. Kisha akaanza kuufunga kifungo cha mfuko. Mkono wa kushoto peke yake, na kifungo kilikuwa kidogo. Kilimponyoka. Akakishika tena. Sote tulisimama tukimngoja, na hakuna aliyejitolea kumsaidia. Kifungo kilipokaa, alichukua mita, akaikita ncha zake mahali nilipomfundisha, akanisomea namba bila kunitazama. Halafu akaingiza mkono.

Mkaguzi alipoaga, alisema kampuni itatuma mota nyingine, na kwamba ameandika mafundi wawili. Mama ndiye aliyepiga kigelegele. Shemeji alikuwa ameshageukia benchi lake.

Vidole vile viwili havikurudi. Tuktuk za injini bado zinakuja, si kama zamani, na vali zake sasa nazipima mimi kwa vipande vyangu. Yeye husimama kando akaniuliza nimeona ngapi. Nikimwambia, hukaa kidogo, akasema, "Punguza kidogo," na huwa napunguza.

Neno "zima" halisemwi tena gerejini kwetu. Hatukulipiga marufuku. Liliacha tu kutosha, likatoka. Anayetaka kuingiza mkono hunyoosha kiganja, na aliyeko mbele hushuka akaleta daraja, na mkono hauingii mpaka mfuko umefungwa kifungo. Mama yule bado humfanyia mzaha kila akija. "Mzee ameanza kuomba sadaka," huwaambia abiria wake, na kumtilia daraja mkononi kama sarafu. "Pokea, uniombee dua."

Juzi ililetwa tuktuk ya petroli, ya dereva mgeni kwetu. Shemeji alichutama nyuma, injini inanguruma. Dereva akaizima. Hakukuwa na sauti yoyote, hata jirani alikuwa hayuko, na kwa injini ile kimya kilikuwa jibu tosha. Shemeji alinyoosha kiganja.

Dereva hakuelewa. Alitutazama, akatazama chombo chake, kisha akachomoa ufunguo akampa. Shemeji akautia mfukoni, akafunga kifungo.